Kuacha gari kubwa ya familia na kuchukua ndogo: hesabu ya kufanya kabla ya kuuza

Kila mara esansi inapopanda bei, swali lile lile linarudi hapa Kiringye na katika bonde lote la Ruzizi. Mwenye Noah, mwenye RAV4, mwenye Prado anaangalia gari yake imesimama kiwanjani, anafikiri minervali ya watoto, kisha anajiuliza: si afadhali niiachie mwingine, nichukue Vitz? Jirani yake amekwisha kufanya hivyo na anasema yuko na amani. Mwingine alifanya vile vile, na baada ya mvua mbili tatu gari ndogo ikabaki garaje.

Wote wawili wanasema ukweli. Tofauti yao inatokana na safari wanazofanya. Habari hii inaeleza gari ndogo inaokoa nini, inapoteza nini, na ni hesabu gani familia ya bonde ifanye kabla ya kutoa funguo.

Tunazungumzia magari gani

Magari makubwa ya familia yanayoonekana sana barabarani kwetu ni Toyota Noah, Hiace, RAV4 na Land Cruiser Prado. Noah iliyotoka Japani mwaka 2001 iko na moteri ya lita 2 na viti 8. Prado ya miaka 1996 hadi 2002 inakuja na moteri ya esansi ya lita 2.7 au ya mazutu ya lita 3, na ni gari nzito.

Kwa upande wa madogo kuna Vitz, ambayo Toyota ilianza kuuza mwaka 1999, na ambayo Ulaya wanaiita Yaris. Moteri yake ndogo ni ya lita 1, nguvu yake farasi 70 hivi, na gari yenyewe haifiki tani moja. IST ilifuata mwaka 2002, Passo mwaka 2004. Probox nayo ilitoka mwaka 2002, lakini haikutengenezwa kama gari ya matembezi. Ilitengenezwa kama gari ya kazi, ya kubeba watu na mizigo ya biashara. Tutairudia.

Kwa nini karibu yote yanatoka Japani? Kule sheria inataka gari mpya ipimwe baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kipimo hicho pamoja na kodi zake kinakula feza nyingi. Wajapani wengi wanaona afadhali kuuza gari ingali nzima. Gari inapanda meli mpaka Dar es Salaam, kisha inafuata barabara mpaka kwetu. Tanzania yenyewe inatoza ushuru kwa kuangalia ukubwa wa moteri: gari isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 inapona ushuru ambao moteri kubwa inalipa. Ndiyo maana Vitz na Passo zimejaa kwenye soko la njia ile.

Sisi si wa kwanza kufikiri hivi. Mwaka 1956, vita vya Suez vilipofanya esansi ipungue Uingereza, kampuni moja ya kule ilimpa injinia Alec Issigonis kazi ya kutengeneza gari ndogo ya kula kidogo. Mwaka 1959 ikatoka Mini. Mafuta yalipopanda tena mwaka 1973, Wamarekani waliozoea magari makubwa kama nyumba walianza kununua magari madogo ya Kijapani. Lakini watu hao walikuwa na lami mpaka mlangoni. Hapo ndipo hesabu yetu inaachana na yao.

Kila gari inakula ngapi

Kule sokoni utasikia: "Papa, hii gari ni sawa pikipiki, haikulake kitu!" Kila gari inakula. Haya ni makadirio ya kufanyia hesabu, kwa kilomita 100, gari ikiwa na moteri nzima:

- Vitz au Passo ya lita 1: lita 6 hadi 7
- IST au Probox: lita 7 hadi 8
- RAV4 ya lita 2: lita 10 hadi 12
- Noah ya lita 2: lita 11 hadi 13
- Prado ya mazutu: lita 11 hadi 13
- Prado ya esansi ya lita 2.7: lita 14 hadi 16

Katika potopoto, kwenye mlima, au gari ikijaa mizigo, ongeza. Moteri iliyochoka nayo inaongeza. Usitegemee maneno ya muuzaji, pima mwenyewe: jaza tanki mpaka juu, andika kilomita zinazoonyeshwa, tembea siku zako za kawaida, kisha jaza tena mpaka juu. Lita ulizoongeza, gawa kwa kilomita ulizotembea, zidisha mara 100. Hapo utajua gari yako inakula nini katika barabara yako, kwa mguu wako.

Sasa chukua familia inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Na Noah ya lita 12, inanunua lita 120. Na Vitz ya lita 6 na nusu, inanunua lita 65. Tofauti ni lita 55 kwa mwezi, lita 660 kwa mwaka. Zidisha na bei ya leo kwenye pompi, utaona ni minervali ya watoto wangapi. Hiyo si feza ya kudharau.

Lakini chukua familia nyingine ambayo gari yake inatoka siku ya soko na siku ya kanisa tu, kilomita 200 kwa mwezi. Noah inakunywa lita 24, Vitz lita 13. Tofauti ni lita 11. Ukitoa feza ya karatasi mpya, ya fundi, na hasara ya kuuza kwa haraka, huenda miaka miwili ikapita bila kurudisha gharama. Mwenye kutembea kidogo, gari kubwa haimtesi sana kwa esansi. Inamtesa kwa matairi, batri na kodi.

Viti vitupu ndivyo vinakula feza

Watu wengi wanasahau hesabu hii ya pili. Noah yenye watu 8 ikitembea kilomita 100 kwa lita 12, kila mtu amekula lita 1 na nusu. Vitz yenye watu 4 kwa lita 6 na nusu, kila mtu amekula lita 1.6. Maana yake, Noah iliyojaa haina hasara kuliko Vitz yenye watu 4. Na kama familia ni watu 8, na Vitz inalazimika kufanya safari mbili, inakula lita 13, yaani kuzidi Noah, na saa zimeongezeka mara mbili.

Basi hasara ya gari kubwa iko katika baba anayekwenda Uvira peke yake, viti 7 vikiwa vitupu nyuma yake. Kama hivyo ndivyo gari yako inatembea siku nyingi za mwezi, gari ndogo ni haki yako. Kama gari yako inajaa mara nyingi, iwe na watoto, wagonjwa, wanakwaya au magunia ya mchele na mihogo, kuibadilisha ni kuhamisha gharama kutoka tanki kwenda mahali pengine: taksi, motari, au mtu wa kumwomba gari kila mara.

Fanya hivi: kwa mwezi mmoja, andika katika daftari kila safari, ilikwenda wapi na ilibeba watu wangapi. Mwisho wa mwezi hesabu safari zilizopita watu 4. Kama ni mbili au tatu, unaweza kukodi gari siku hizo na bado ukaokoa. Kama ni kumi, daftari limekwisha kukujibu.

Barabara yetu

Kwa sisi wa bonde, njia kubwa ni RN5, inayotoka Bukavu, inashuka Kamanyola, inapita Luvungi, Sange na Kiliba mpaka Uvira, kisha inafuata ziwa kwenda Fizi. Tambarare ya Ruzizi inadanganya: katika kiangazi, Juni hadi Agosti, Vitz inapita karibu kila mahali, ikila vumbi tu. Mvua zikianza, mashimo yanajaa maji na mito inayoshuka milimani inaleta mawe na mchanga mpaka barabarani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukubwa wa gari si kimo chake kutoka chini. Prado iko na nafasi ya sentimita 22 hivi kati ya tumbo lake na ardhi. Noah ya kawaida, isiyovuta kwa matairi manne, iko na sentimita 16 hivi tu. Vitz iko na 14 au 15. Kwa hiyo anayetoka Noah kwenda Vitz hapotezi kimo kingi: penye Noah iligusa, Vitz nayo itagusa. Anayetoka Prado ndiye atashangaa. Njia za kando, zile za kuingia mashambani au kupanda vijiji vya mlimani, zitamfungia mlango miezi mingi ya mwaka.

Milima nayo ihesabiwe. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu mita 1,460 hivi. Anayetoka Uvira kwenda Bukavu anapanda tofauti ya mita karibu 700, na sehemu kubwa ya kupanda iko upande wa Ngomo, kwenye kona ambazo zimekwisha kuua watu wengi. Gari ya farasi 70 yenye watu 5 na mizigo juu inapanda kwa vitesi ya kwanza na ya pili, moteri inapata moto, na radiateri mbovu inapasuka pale pale. Njia ya Lemera, inayopanda kwenda hospitali kuu, nayo si ya kupeleka gari dhaifu siku ya mvua.

Kuhusu maji, sheria ni moja: ukifika mtoni au penye mafuriko na maji yanapita katikati ya tairi, simama, ngoja. Gari ndogo inavuta hewa chini kuliko Prado. Maji yakiingia katika moteri, biyele inapinda, na siku hiyo umenunua moteri nyingine. Mafuriko ya Uvira ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu, yalionyesha kwamba mito hii haitoi taarifa. Hata mwenye gari kubwa asijaribu.

Mwenye kuchukua gari ndogo kwa barabara hii afanye mambo matatu mwanzoni: aweke tole nene ya chuma chini ya karteri ili mawe yasitoboe; aweke amortiseri mpya, zenye nguvu; na asipakie kupita kipimo. Gari ndogo kwetu haiuawi na moteri. Inauawa na rotile, amortiseri na karteri iliyotoboka.

Siku ya ugonjwa, siku ya kukimbia

Gari katika kijiji si ya mwenyewe peke yake. Mama akishikwa na uchungu usiku, watu wanagonga kwa mwenye gari. Noah au Prado inaweza kulaza mgonjwa nyuma, na mlinzi wake akakaa kando. Katika Vitz, mama mjamzito anakaa amekunjwa. IST na Probox ziko afadhali kidogo, na Probox ukilaza viti vya nyuma inabeba mtu aliyelala.

Kuna na jambo zito zaidi. Februari 2025, vita vilipofika Kamanyola baada ya Bukavu kuchukuliwa na M23, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, wengi wakivuka mto Ruzizi. Siku kama ile hakuna anayeuliza gari inakula lita ngapi. Anauliza inabeba wangapi. Ndiyo maana wazee wengi wa bonde wanakataa kuachia gari kubwa, hata ikiwa imesimama bila esansi. Si kiburi. Wanahesabu watu wa nyumba.

Lakini hesabu hiyo nayo iko na pande mbili. Gari kubwa bila esansi haikimbizi mtu. Siku ya hatari esansi inapotea kwanza au inapanda mara mbili, na lita 10 zinapeleka Vitz kilomita 150, zinapeleka Prado ya esansi kilomita 65 hivi. Familia ya watu 5 katika gari ndogo yenye tanki nusu iko salama kuliko familia hiyo hiyo katika Prado isiyo na kitu. Familia ya watu 9 ni habari nyingine. Hapa hakuna jibu la wote. Kila nyumba ijibu kwa hesabu ya watu wake.

Esansi ya bidoni

Kwa sababu wengi kwetu wananunua kwa chupa na bidoni, kwa wale wanaoitwa Kadafi, gari ndogo inaleta faida moja ya usalama: unahitaji kuweka akiba ndogo. Lita 20 zinakufikisha mbali. Hata hivyo, usiweke esansi ndani ya nyumba wanapolala watu, wala karibu na makala. Watu wa Sange hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka pale kwenye RN5, esansi ikamwagika, moto ukashika, na watu zaidi ya 230 wakafa.

Chupa pia haina kipimo kizuri, na esansi yake inaweza kuwa na maji au mchanga. Noah za miaka ya 2000 zenye moteri ya D-4, inayopuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, zinachukia sana esansi chafu. Moteri rahisi za Vitz na Probox za miaka ile ile zinavumilia kidogo zaidi. Chuja, na badilisha filtre kwa wakati.

Gharama nyingine zinazoshuka

Esansi si peke yake. Vitz ya kwanza inavaa matairi ya inchi 13 au 14, Prado inavaa mapana ya inchi 16. Ukinunua manne kwa siku moja, utaona tofauti mkononi. Mafuta ya moteri: Vitz inachukua zaidi kidogo ya lita 3, Prado ya mazutu lita 7 hivi.

Kodi ya mwaka ya barabara, ile tunaita vinyeti, inahesabiwa kwa nguvu ya moteri katika farasi za kodi, kwa hiyo gari ndogo inaangukia daraja la chini. Asiransi ni lazima kwa kila gari, ndogo au kubwa. Zamani SONAS ilikuwa peke yake, lakini sheria ya Machi 2015 ilifungua soko kwa kampuni nyingine. Linganisha bei, na hakikisha karatasi unayopewa ni ya kampuni inayokubaliwa kazi.

Karatasi za kubadilisha

Mtu akisema "tubadilishane, nitakuongezea kidogo", hiyo ni mauzo mawili, hata kama feza iliyopita mkononi ni ndogo. Kila gari iwe na karatasi yake ya mauzo, yenye majina ya pande zote mbili, namba ya shasi, namba ya plake, tarehe na mashahidi. Karte roze ibadilishwe jina katika ofisi ya kodi, DGI. Ukiacha gari yako kubwa barabarani kwa jina lako, na mwenye kuinunua akagonga mtu, jina litakaloitwa kwanza ni lako.

Gari inayotoka Burundi au Tanzania iwe na karatasi za dwani za DGDA. Gari yenye plake ya nje ambayo "itapangwa baadaye" ni rahisi mwanzoni na ghali mwishoni. Kabla ya kutoa feza, peleka namba ya shasi kwenye ofisi ya dwani, kwa mfano Kavimvira, uulize kama inajulikana na kama imelipiwa. Kisha inama mwenyewe, linganisha namba iliyo kwenye karatasi na ile iliyochongwa kwenye chuma. Tofauti ya herufi moja inatosha kukatisha mazungumzo.

Kumbuka pia usukani. Gari ya Japani iko na usukani kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume. Dereva haoni mbele anapotaka kupita lori. Katika gari ndogo, iliyo chini, anaona kidogo zaidi bado. Usipite mpaka aliyekaa kushoto amekuambia njia iko wazi, na kama uko peke yako, vumilia nyuma ya lori.

Kuangalia gari ndogo kabla ya kuichukua

Enda na mekanisiye wako, si wa muuzaji. Fika asubuhi, moteri ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuiwasha, uliza kwa nini. Angalia moshi: wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua, mweupe usioisha ni maji yanaingia. Fungua kifuniko cha mafuta: ukiona kitu kama maziwa, acha. Inama chini, tazama karteri kama imechomelewa. Bonyeza kila kona ya gari: ikirukaruka, amortiseri zimekufa. Inua tapi ya sakafu, nusa na gusa: gari iliyolala katika mafuriko inaacha harufu na kutu chini ya viti. Ipande mlimani na watu wanne ndani, kwa sababu huko ndiko utaishi nayo.

Njia ya katikati

Kwa nini barabara yetu imejaa Probox? Kwa sababu madereva wa taksi walifanya hesabu hii zamani. Inakula karibu kama gari ndogo, inabeba mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na pyesi zake ziko kila mahali, mpya na za zamani. Haina raha ya Noah, viti vyake ni vigumu, na zile zilizofanya kazi ya taksi kwa kubeba watu wanane zimechoka mifupa. Lakini kwa familia ya watu 5 yenye shamba, ni jibu ambalo Vitz haiwezi kutoa.

Njia nyingine ni kubaki na gari kubwa na kuipunguzia kazi: safari za mtu mmoja zifanywe kwa motari au taksi, gari itoke ikiwa imejaa. Majirani wawili wanaokwenda Uvira siku moja waende na gari moja na wagawane esansi. Hiyo haidai dwani wala karatasi mpya.

Maswali ya mwisho kabla ya kuuza

Kaeni kama familia, mama na watoto wakubwa wakiwemo, mjibu haya kwa sauti:

1. Gari yetu inatembea kilomita ngapi kwa mwezi, na inakula lita ngapi tulizopima wenyewe?
2. Safari ngapi katika mwezi zinapita watu 4?
3. Kati ya Oktoba na Mei, tunapita njia gani ambazo gari ya chini haiwezi?
4. Mgonjwa wetu atalala wapi, na ni nani mwenye gari kubwa karibu nasi ambaye atakubali kuitwa usiku?
5. Siku ya kuondoka kwa haraka, watu wote wa nyumba wanaingia?
6. Baada ya kubadilisha, feza inayobaki inatosha kwa amortiseri, tole ya karteri, matairi na karatasi, au tumekwisha kuila?

Swali la sita linaangusha watu wengi. Anayeuza Noah, akanunua Vitz, akatumia feza yote iliyobaki kwa mambo mengine, atarudi garaje ndani ya mwaka akiwa mikono mitupu. Weka sehemu ya feza hiyo kando kwa ajili ya gari yenyewe, tangu siku ya kwanza. Ukibaki nayo mpaka mwisho wa mvua, utakuwa umejua kama ulifanya biashara nzuri.